Sagrada Família na Suala la Mabano: Uhakiki wa Jengo Lililopitia Mikono Mingi

1.0 Utangulizi

Jiwe la msingi la kanisa la Sagrada Família, yaani Familia Takatifu, jijini Barcelona, Uhispania, liliwekwa tarehe 19 Machi 1882. Msanifu wake wa kwanza alikuwa Francisco de Paula del Villar. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Antoni Gaudí, aliyeishughulikia hadi alipogongwa na tramu mwezi Juni 1926 na kufariki siku tatu baadaye. Kati ya minara 18 aliyoikusudia, mmoja tu wa kengele ndio uliokuwa umekamilika. Wajenzi waliomfuata wameshafanya kazi kwa muda mrefu kuliko yeye.

Makala haya yanalisoma jengo hilo kama mhakiki anavyousoma mswada uliopitia mikono mingi. Hoja yetu ni kwamba kukamilishwa na watu wengine si kasoro. Kasoro ni kukamilishwa kwa namna inayomfanya msomaji asijue mkono upi umeandika wapi.

Jina nalo linahitaji uangalifu. Ni rahisi kuliita jengo hili “kanisa kuu”, lakini kanisa kuu la jimbo la Barcelona ni jingine. Hili lilianzishwa kama hekalu la malipizi, la kujengwa kwa sadaka, na likatabarukiwa kuwa basilika na Papa Benedikto XVI tarehe 7 Novemba 2010.

2.0 Nyuso Mbili

Gaudí alijua kwamba hataishi hadi mwisho wa kazi. Kwa hiyo, badala ya kuinua kuta zote kidogo kidogo, aliukazania upande mmoja, Uso wa Kuzaliwa, ili vizazi vijavyo viwe na mfano wa kuufuata. Katika uso huo jiwe limechipua majani na ndege, na nguzo mbili zimekalia migongo ya kobe. Hakuna pahali jicho linapopumzika.

Upande wa pili, Uso wa Mateso ulichongwa na Josep Maria Subirachs kuanzia mwaka 1987. Miili yake ni ya pembe kali, nyuso zimekatwa kama kwa shoka, na nafasi tupu ni nyingi. Wengi waliuona kuwa usaliti. Sisi tunauona kuwa kazi aminifu kuliko zote zilizofuata kifo cha Gaudí. Kwanza, Gaudí mwenyewe aliukusudia uso huo uwe mkavu na wa kutisha. Pili, Subirachs hakuiga sauti ya marehemu. Mgeni anayeuzunguka ukuta anatambua mara moja kwamba msemaji amebadilika.

3.0 Vioo vya Rangi

Ndani, nguzo zinapanda na kugawanyika kama matawi ya miti, nazo zinabeba dari linalofanana na kilele cha msitu. Hata hivyo, kinachomshika mgeni ni mwanga. Asubuhi, vioo vya mashariki huumwagia ukumbi rangi za buluu na kijani. Alasiri, vioo vya magharibi huujaza nyekundu na rangi ya machungwa. Madirisha ya juu yameachwa meupe zaidi, ili dari lipate nuru isiyochujwa.

Vioo hivyo ni kazi ya Joan Vila-Grau, msanii wa Barcelona aliyeianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Gaudí aliacha fikra kuhusu mwanga. Rangi na mpangilio wa vipande ni vya Vila-Grau. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida uzuri huo wote huhesabiwa kwa Gaudí. Hapo ndipo hoja yetu inapopata uzito: hoja bora ya kutetea kuendelezwa kwa jengo imefichwa chini ya jina la mtu mwingine.

4.0 Suala la Mabano

Mhariri wa utenzi wa kale uliohifadhiwa kwa hati za Kiarabu hukuta beti zilizoliwa na mchwa. Anaweza kupendekeza neno, lakini ni wajibu wake kulitia katika mabano. Sagrada Família ina mapengo ya aina hiyo. Mwaka 1936 karakana ilivamiwa na vielelezo vya plasta vikavunjwa, na sehemu nyingi zilizojengwa baadaye zimetokana na vipande vilivyounganishwa upya, picha na makisio ya kitaalamu.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu urekebishaji wa majengo ya kale unataka nyongeza isiyoepukika itofautishwe na kazi ya asili na ibebe alama ya wakati wake. Mwaka 1965 wasanifu na wasanii, akiwemo Le Corbusier, walipinga hadharani kuendelea kwa ujenzi. Pingamizi lao lina udhaifu mmoja: Gaudí naye aliendeleza kazi ya Villar. UNESCO ilipoiorodhesha sehemu ya kanisa hili mwaka 2005 miongoni mwa kazi za Gaudí, ilitaja Uso wa Kuzaliwa na kanisa la chini ya ardhi. Nalo hilo la pili lilianzwa na Villar. Hata asili, basi, ina mikono miwili.

5.0 Hitimisho

Suala hili si la wanazuoni pekee. Mbele ya Uso wa Utukufu, katika mtaa wa Mallorca, kunapendekezwa ngazi kuu ambayo ujenzi wake utahitaji nyumba za watu kubomolewa. Wanaoitetea husema ndivyo Gaudí alivyotaka. Wakazi wanalipinga dai hilo. Pasipo mabano, jina la marehemu linageuka amri ambayo hakuna aliye hai anayeweza kuihoji, na gharama yake inalipwa na jirani.

Tunapendekeza mambo mawili kwa washauri wa sera za urithi. Kila sehemu ya jengo la aina hii ioneshe jina la aliyeibuni na mwaka wake, kuanzia kwa Villar hadi kwa Vila-Grau. Pia, dai lolote la “mapenzi ya mbunifu” linalogusa makazi ya watu litenganishe wazi kilichochorwa naye na kilichokisiwa baada yake, kabla uamuzi haujafanywa.