Kijani cha Chini ya Kidevu

Katika albamu nyingi za harusi yumo shangazi ambaye nguo aliyovaa pichani siyo aliyokuja nayo ukumbini. Kamati ilitangaza sare ya damu ya mzee. Yeye, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akatokea na satini ya kijani. Fundi wa picha akapigiwa simu, na leo shangazi amekaa safu ya mbele kana kwamba alishonewa siku moja na wenzake. Fundi huyo hasifiwi na mtu. Kazi yake ikiwa nzuri haionekani, ikiwa mbaya inachekwa na ukoo mzima.

Wengi hudhani ni suala la kubofya tu. Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, inazo njia za mkato kweli, lakini kila rangi ina mwanga wake. Katika hesabu ambayo televisheni na kompyuta zimeitumia miaka mingi, kijani huchangia takriban asilimia 59 ya mwangaza tunaouona, nyekundu 30, bluu 11 tu. Manjano ya skrini ni nyekundu na kijani kwa pamoja, ndiyo maana inawaka vile. Ukimvika bluu aliyevaa manjano, mwanga ukauacha ulivyo, utapata samawati iliyopauka kama nguo iliyosahaulika juani. Fundi huushusha mwanga kwa kiasi, tena bila kuzima mikunjo, maana mikunjo ndiyo kitambaa chenyewe.

Nyeupe haisumbui sana: vivuli vyake vyote vipo, nayo hupokea rangi yoyote, isipokuwa pale taa ilipoiunguza. Mtihani ni nyeusi. Koti jeusi lililopigwa usiku halina kitu ndani yake, na fundi akilifanya jekundu atalazimika kubuni mikunjo ambayo kamera haikuiona. Mimi humheshimu zaidi anayemwambia mteja kwamba hili haliwezekani.

Ila ustadi wenyewe haumo kwenye nguo, umo kwa majirani zake. Satini ya kijani humwaga kijani chini ya kidevu, ndani ya mkono, kwenye mkufu wa dhahabu, hata kwenye miwani ya aliyeketi kando. Fundi chipukizi hubadilisha gauni na kuyaacha hayo yote. Mtazamaji hajui kasoro iko wapi. Anachoona ni mwanamke wa rangi ya maji ya kunde ambaye shingo yake inaonekana kama ya mgonjwa. Fundi aliyekomaa huanzia hapo hapo shingoni. Hukiondoa kijani taratibu, kisha hurudisha wekundu kidogo ambao gauni jipya lingeutupa kama kweli lingekuwepo. Anakuwa ameuliza swali la kifizikia bila kulitamka: taa ile ya ukumbini, ikigonga kitambaa hiki, ingedunda wapi? Hakuna somo la mwanga lililonifunza zaidi ya kumtazama mtu akihangaika na kidevu.

Mabaya zaidi huletwa na WhatsApp, ambayo huibana picha inapoituma. Picha za JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa ulegevu kuliko mwangaza, mara nyingi vidoti vinne vikigawana rangi moja, kwa kuwa jicho la binadamu husamehe. Halisamehe tena rangi inapobadilishwa: kijani cha zamani hubaki kikichungulia kwenye ukingo wa bega na kati ya nyuzi za misuko. Ndiyo maana fundi hukwambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, umtumie picha kama dokumenti.

Ufundi huu una wazee wake. Kabla ya kompyuta, picha za rangi nyeusi na nyeupe zilipakwa rangi kwa pamba na brashi, shavu kwa shavu. Huko Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha kwa mikono yake, na wateja walijua wanachokinunua: hawakutaka ushahidi, walitaka kupendeza.

Kanga ndiyo inayomtoa mtu jasho. Pindo lina rangi zake, mji una zake, na jina lina herufi nyembamba ambazo rangi ikipita ovyo hazisomeki, na kanga isiyosomeka ni shuka. Na zipo kanga ambazo kwangu haziguswi. Kisutu, na wekundu wake, weusi na weupe, kimeshasema kuwa hapa pana harusi. Kukifanya zambarau ili kilandane na mapambo ya ukumbi ni kumnyamazisha bibi aliyekifunga.

Kazi ikimalizika, fundi mjanja humwonyesha picha mtu ambaye hakuwepo. Akiulizwa, “Huyu mama ni nani?” huituma. Akiulizwa, “Hapa umefanya nini?” hurudi kwenye kidevu.