Sifa ya Chombo

Mama yangu, aliyezaliwa Mombasa akaletwa Kampala kwa ndoa angali binti, ana hukumu yake juu ya ziwa letu, ambayo miaka zaidi ya 40 haikuweza kuibadili: kwamba hii ni bahari iliyosahauliwa kutiwa chumvi. Kila tumpelekapo Ggaba huinama ukingoni, huchovya kidole, huonja, hutikisa kichwa mfano wa mpishi aliyekuta mchuzi haukukolea, kisha, bila ya kuyajali maonyo ya mke wangu juu ya kichocho, huenda zake mkekani akastarehe mchana kutwa kwa furaha isiyopunguzwa hata chembe na kasoro hiyo.

Kampala haina majira manne kama nchi za kaskazi ya dunia. Tu karibu mno na ikweta, hata mchana na usiku hugawana saa kwa uadilifu mwaka mzima, wala hapana siku ambayo mtu aweza kusema kuwa jua limewasili leo, kwa kuwa halikupata kuondoka. Lakini Januari, mvua za mwisho wa mwaka zikisha kukatika, shule zikiwa zimefungwa na udongo mwekundu wa vilima vyetu ukiwa umekauka hata kuwa vumbi linalowafuata watu mpaka vyumbani, mji mzima hushikwa na hamu moja, nayo ni hamu ya maji. Basi Jumapili moja ya mwezi huo tulifunga mlango wetu wa Kibuli, tukapanda gari la abiria, wakubwa wanne na watoto watatu, pamoja na mkeka, chupa mbili za chai ya tangawizi, mahamri ya mama yaliyofungwa katika kitambaa, na maembe ambayo, kwa ajili ya mashimo ya barabara, yalifika yakiwa yamekwisha kuanza kujikamua yenyewe.

Ggaba si mahali pa fahari. Ni soko na ni bandari ndogo, ambapo samaki, mkaa, ndizi na abiria wa visiwani hupishana juu ya ardhi yenye majimaji, na ambapo makorongo wakubwa wenye vichwa vya upara husimama kando ya wachuuzi kwa heba ya makadhi waliostaafu, wakingoja utumbo wa samaki. Lakini mtu akipanda kidogo hata akapata kivuli, akatandika mkeka wake akayatazama maji, ataona mbele yake pwani isiyo na upungufu. Ziwa hili, ambalo Waganda huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134 hivi. Kwa hiyo aketiye ukingoni mwake ameketi juu kuliko vilele vya milima mingi ya dunia, ilhali macho yake yanamwambia kuwa yuko ufukweni. Lina upepo wake wa asubuhi na upepo wake wa jioni, na mawimbi yenye hasira za ghafula. Halina kujaa na kupwa, na jambo hilo ndilo lililobaki kumtatiza mama. Bahari isiyokwenda popote, husema, yapumzika saa ngapi?

Tulikula, tukalala, tukaamka, tukala tena. Mke wangu alinunua ngege wawili waliokaangwa wazima, ngozi zao zikiwa zimekauka na kukwaruza kama karatasi, wakaletwa na muhogo na pilipili. Na kwa muda wa robo saa hapakusikika katika aila yetu ila mazungumzo ya vidole na miiba. Ni katika utulivu unaofuata shibe ndipo masikio yangu yalipotambua mlio ambao, kwa hakika, ulikuwapo tangu tulipofika: gonga tatu, kimya, gonga tatu, kimya. Haukuwa mlio wa haraka wala wa uvivu. Binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 8, alikuwa ameusikia kabla yangu, maana alikwisha simama na kuvaa ndala zake.

Tuliufuata mpaka nyuma ya vibanda vya soko, tukakuta chombo kimelazwa kifudifudi juu ya magogo, mkuku wake ukielekea mbinguni, na kando yake mzee mmoja aliyevaa kofia ya ukindu, amechuchumaa. Tulimwamkia kwa Kiganda, akatujibu. Na alipomsikia mtoto akisema nami Kiswahili, naye akageuka akaja upande wetu wa lugha, kwa Kiswahili cha watu wa ziwani ambacho hakikupita madrasa lakini kimepita visiwa vingi. Mkononi alikuwa na nyundo ya mti na patasi butu, na ubavuni mwake mfuko uliowahi kuwa wa unga, sasa umejaa pamba. Alikuwa akitia kalafati, yaani akiziba nyufa zilizo baina ya ubao na ubao.

Ningependa msomaji aione kazi hiyo kama tulivyoiona sisi. Mzee huchukua pamba kiasi cha kiganja, huisokota baina ya viganja viwili mpaka iwe uzi mnene kama kidole cha mwisho, huulaza uzi huo juu ya ufa, kisha huufuata kwa patasi, na kila alipoiweka patasi hupiga mara tatu. Pigo la kwanza huitia pamba. La pili huishindilia. La tatu halina kazi ya mkono, bali ni la sikio. Pamba ikiwa bado imelegea, ubao hujibu kwa sauti nzito, kama mlango wa kabati tupu. Ikikaza, mbao mbili hujibu kwa sauti moja, kana kwamba hazikupata kupasuliwa kutoka katika gogo. Hapo ndipo patasi husogea upana wa vidole viwili, na mapigo matatu huanza upya. Chombo kile kilikuwa na urefu wa hatua zangu kumi na mbili, na nyufa zake zikienda ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Hesabu ya mapigo yake namwachia mwenye saburi.

Nilidhani kwamba ubora wa kazi ile ni kushindilia pamba nyingi kadiri iwezekanavyo, nikasema hivyo. Mzee alinitazama kwa upole ambao watu wa ufundi huwawekea watu wa kalamu. Ubao, alisema, hunywa maji. Leo umekauka kwa jua, kesho utashushwa ziwani nao utafura. Na ukifura utaikaba pamba wenyewe. Ikiwa pamba ni chache, maji yatapita kabla ubao haujashiba; ikiwa imezidi, mbao zitasukumana hata misumari iachie, na chombo kitafunuka kwa ajili ya ukarimu wa fundi. Basi haizibi nafasi aionayo kwa macho. Huziba ile itakayobaki baada ya maji kuingia katika mti, ambayo leo haipo. Nilitafakari ni watu wangapi wenye vyeo na wenye elimu waliojaliwa kukadiria kitu kwa hali yake ya kesho, kisha nikamwona mzee anapima jambo hilo kwa dole gumba.

Na ufundi huu una nasaba ndefu. Aprili mwaka 1875, msafiri Henry Morton Stanley alipopokewa na Kabaka Mutesa, mfalme wa Waganda, huko Busabala, ambako si mbali na hapo tulipokuwa tumeketi, mitumbwi aliyoiona majini ilikuwa ni vyombo vya kushonwa: chini, mti mmoja mrefu uliochongwa kwa tezo kuwa mkuku, juu yake mbao zilizotobolewa matundu ukingoni na kuunganishwa kwa nyuzi za mimea, bila ya msumari hata mmoja. Gubeti yake ilitangulia mbele ikapambwa kwa pembe na manyoya. Watu wa visiwa vya Ssese ndio waliosifika kwa kuiunda, na mkuu wa ukoo wa Mmamba, mwenye jina la cheo la Gabunga, ndiye aliyekuwa amiri wa mitumbwi ya Kabaka.

Mama alipohadithiwa habari hii hakustaajabu. Kwao, alisema, palikuwa na mtepe. Na kweli, watu wa Lamu na visiwa vyake walisafiri kwa karne nyingi katika mitepe iliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, yenye tanga la mkeka na gubeti iliyosemwa kuwa ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Na kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza ya Miladi kinavitaja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta, kwenye mwambao wetu huu. Mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim alipofika katika baraza ya Kabaka Suuna mwaka 1844, akitokea upande wa bahari, alifika basi katika nchi ambayo, kama ile aliyoiacha nyuma, ilikuwa ikiyavuka maji kwa uzi. Mbali ya mwendo wa miezi, mataifa mawili yalikuwa yamepewa swali moja na maji, na mafundi wao wakatoa jawabu moja.

Uzi huo ulikatika kwa sababu zaidi ya moja. Majahazi ya kupigiliwa misumari yalikuja. Mtu mmoja aliyejulikana kwa jina la Songoro aliunda la kwake Ukerewe katika miaka ya 1870. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, ugonjwa wa malale uliangukia kando za ziwa na kuua watu zaidi ya laki mbili, na serikali ya wakati ule ikawahamisha wakazi waliosalia, wale wa Ssese wakiondolewa mwaka 1909. Miaka ile visiwa vilipokaa bila watu, wazee walikuwa wakifa bara, mbali na miti yao na maji yao, kila mmoja na mshono wake. Waliorudi baadaye walirudi katika zama za msumari. Lakini msumari ulichukua kazi ya kushika tu. Kazi ya kuziba haukuiweza, na hiyo imebaki pale pale ilipokuwa, mikononi mwa mtu aliyechuchumaa.

Watu wa mwambao wana neno sifa, nalo lina maana mbili. Sifa ni maneno mema asemwayo mtu kwa haki yake. Na sifa ni mafuta ya papa yapakwayo ubavuni mwa chombo ili jua lisiupasue ubao. Wanazuoni wa lugha na waamue kama ni neno moja au mawili yaliyokutana njiani. Mimi naridhika kwamba kinywa chetu hakikuona haja ya kuyatenganisha. Maana nilipovitazama vyombo vilivyokuwa vikiingia Ggaba jioni ile, nilisikia sifa nyingi zikigawanywa bandarini. Nahodha alisifiwa kwa kuyajua mawimbi, mvuvi kwa sangara aliyemzidi mtoto urefu, mpishi kwa pilipili yake, mashine kwa mbio zake. Hata rangi za ubavuni, na maneno ya dua yaliyoandikwa juu yake, yalipata washangiliaji. Kalafati haikusifiwa na mtu. Haiwezi kusifiwa, kwa kuwa ikiwa njema haionekani: ushahidi wake ni ukavu wa nyayo za abiria, na hakuna abiria aliyepata kushuka bandarini akashukuru kwa nyayo kavu. Wahenga walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na huko ngamani, ambako kila tone lililopita hukusanyika, ndiko hesabu ya mzee yule hufunguliwa usiku, katikati ya ziwa, naye hayupo kujitetea. Basi huyu ndiye niliyekusudia kumpaka sifa, kabla jua halijampasua.

Tulikuwa tunakaribia kuaga tulipomwona akisita. Alirudi nyuma kiasi cha dhiraa moja, akagonga, akainamisha kichwa, akagonga tena. Kisha akachukua ndoana ya chuma na kuichomoa pamba yote ya sehemu ile, ambayo machoni pangu haikuwa na tofauti na nyingine.

“Jajja,” binti yangu akamwuliza, “mbona waitoa, na imeshaingia?”

“Imeingia, mjukuu wangu,” akasema, “lakini haijakaa.”

Akampa mtoto ile pamba aliyoichomoa, naye akasokota nyingine.

Tulirudi Kibuli usiku umekwisha kuingia, watoto wakinuka moshi na samaki, mama akiwa na mchanga katika mikunjo ya leso yake, ambao alikataa ukung'utwe mpaka asubuhi. Nilipokuwa nikifunga madirisha niliona taa ya uani inawaka. Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni letu la kufulia, lile lenye ufa ambalo kwa miezi miwili nimekuwa nikiahidi kulibadilisha, na kwa kipini cha kijiko alikuwa akiishindilia pamba ya mzee katika ufa. Alitia maji, akangoja. Tone likajikusanya upande wa chini, likaning'inia, likaanguka. Baada ya muda mrefu, jingine. Kwangu mimi ilitosha, nikamwambia kuwa ameweza, aende akalale.

Hakunitazama. Aliyamwaga maji, akaichomoa pamba yote kwa kucha zake, akaanza kuisokota upya.

“Imeingia, Baba,” akasema, “haijakaa.”