Yesu wa Murang'a

Katika nyumba nyingi hapa Makole ipo picha ya Yesu ukutani, kwenye kalenda au ndani ya fremu ya kioo. Ana nywele ndefu za rangi ya kahawia na macho ya bluu, na nyuma yake kuna vilima ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvipanda. Tumeizoea kiasi kwamba hatuitazami tena. Nataka kumzungumzia mchoraji aliyeiacha picha hiyo.

Elimo Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, Kenya, mji ulioitwa wakati huo Fort Hall. Ni Kuzaliwa, Ubatizo, Chakula cha Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, mama yake pia, na wanafunzi wake. Nchi inayowazunguka ni miteremko na mabonde ya Wakikuyu.

Wanaozisifu picha hizi husema Njau alimfanya Yesu kuwa mtu mweusi. Sifa hiyo naiona ndogo mno. Rangi ya ngozi hata mchora mabango wa sokoni anaweza kuibadili. Kazi ngumu ni mahali na wakati. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952, na mwaka 1959 ilikuwa bado haijaondolewa. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita ile, wakiwamo waliokataa kula kiapo cha Mau Mau. Miongoni mwa watu wa uamsho walikuwapo pia waliokataa kubeba bunduki za serikali, wakatiliwa shaka na pande zote mbili. Walioingia kuabudu walikuwa na makaburi ya kukumbuka, na wengine, bila shaka, walikuwa na ndugu kizuizini. Hao ndio walioinua macho wakamwona mtu wa kwao akiomba usiku, rafiki zake wamelala, na wanaokuja kumkamata wako njiani. Nani pale angehitaji kufafanuliwa Gethsemane?

Huo ndio uhalisia ninaoutetea. Mtu anayependa kila ukucha na kila mkunjo wa nguo uonekane atavunjika moyo mbele ya Njau, kwa maana sura za watu wake amezirahisisha. Kucha zote zipo kwenye picha ya kalenda, wala hakuna kinachotokea ndani yake.

Lipo jambo linalonisumbua. Picha ya tano ni msalaba, na mfululizo unaishia hapo. Hakuna kaburi tupu. Mzee wetu mmoja wa kanisa, nilipomsimulia, aliuliza kama hiyo ni Injili nzima. Siku ile sikuwa na jibu. Sasa nadhani kwamba katika kanisa lililokuwa bado linaomboleza, huku waliouana wakiwa majirani, kuharakisha Pasaka ukutani kungekuwa kuwanyamazisha waliaji. Lakini swali la mzee halijafa. Wajukuu wa watu wale nao wanasali, na hakika wanaidai picha ya sita.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya sanaa, na msimamo wake aliokuwa akiurudia ulikuwa kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Naukumbuka kwa sababu katika kanisa letu limezungumzwa wazo la kuchora ukuta wa nyuma ya madhabahu, na ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, amependekeza tunakili zile za Murang'a. Tukifanya hivyo tutakuwa tumebadilisha kalenda tu. Miteremko ya kijani ni ya wale waliozikana chini yake. Sisi tuna mibuyu, tuna tembe za wazee wetu, tuna mtama na uwele ambao mwaka mwingine hukauka kabla ya kutoa masuke. Ubatizo ndio utakaompa taabu mchoraji wetu. Makorongo yetu huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na akina mama hufukua ndani yake kutafuta maji. Itabidi aamue Yohana amesimama pale mwezi gani.