Kipaji hakitoshi: msanii ni fundi, naye alifunzwa

Kila msimu wa tamasha za kitaifa za drama na filamu ukiwadia, kuna kauli moja ambayo sharti utaisikia. Mwanafunzi anapomaliza kughani shairi lake na ukumbi kulipuka kwa vifijo, mtu atasema: "Huyu mtoto ana kipaji!" Wa pili ataongeza, "Wallahi amejaliwa." Ripota naye ataandika kesho yake kuwa talanta imegunduliwa. Sifa hizo hazina ubaya wowote. Kasoro ni kwamba zinakomea hapo. Husikii mtu akiuliza ni nani aliyemfunza mtoto huyo kuvuta pumzi penye kina cha kati, wala alirudia mazoezi mara ngapi jioni, wenzake walipokuwa wamekwisha kwenda nyumbani.

Katika makala haya nanuia kuihakiki lugha hiyo tunayoitumia kuwazungumzia wasanii. Naona kuwa msamiati wetu wa sifa unaficha mambo mawili: namna msanii anavyojifunza kazi, na haki yake ya kulipwa kwa kazi hiyo. Tukiyaficha hayo mawili, tusishangae vijana wanapoingia katika sanaa kwa shangwe na kutoka mikono mitupu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kipaji na kipawa yametokana na kitenzi kimoja, pa. Kipawa kimebeba hali ya kutendwa: ni kile ambacho mtu amepawa, au amepewa tunavyosema leo. Ndiyo maana husemwa kuwa mpaji ni Mungu. Ukiyatazama maneno hayo kwa makini, utaona kwamba mwenye kipaji hakutenda lolote. Yeye ni mpokeaji tu. Aliamka siku moja akajikuta nacho, kama mtu aliyerithi shamba la minazi kutoka kwa babu yake.

Neno talanta ndilo linalotamba zaidi humu nchini siku hizi. Serikali ina mpango wake wa Talanta Hela, na hata uwanja mkubwa wa michezo jijini Nairobi ulianza kujengwa kwa jina hilo. Lakini wanaolitumia wamesahau lilikotoka. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, talanta ni kiasi cha fedha ambacho bwana aliwakabidhi watumishi wake kabla ya kusafiri. Wawili walizifanyia biashara zikaongezeka maradufu. Wa tatu aliifukia yake ardhini, naye akakemewa vikali aliporejesha ileile. Kwa hivyo, hata neno tunalolitumia kumaanisha kitu cha kuzaliwa nacho lilianza katika hadithi ya kazi, hesabu na faida. Sisi tumechukua sarafu tukaiacha biashara.

Linganisha na neno sanaa. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kutengeneza na kuunda, na hadi leo Waarabu hulitumia neno hilo kutajia viwanda. Kwa asili basi, sanaa ni kazi ya mikono na akili, dada wa useremala na uhunzi. Na fundi je? Neno hilo ni la ukoo mmoja na kufunda, kufundisha, kufunza, mafunzo na mwanafunzi. Mwari hufundwa na somo wake. Fundi ni mtu aliyefundwa hadi naye akaweza kumfunda mwingine. Kiswahili kilikuwa kimetuwekea wazo zima la malezi ya msanii ndani ya mzizi mmoja wa neno, nasi tukalipita tukaenda kushika kipaji.

Mtu aweza kuniambia kuwa haya ni mambo ya kamusi tu. Basi tuyapime kwa maisha ya msanii anayejulikana. Nimemchagua Siti binti Saad, kwa kuwa hadithi yake ndiyo hutolewa mara nyingi kama ushahidi wa nguvu za kipaji.

Masimulizi ya kawaida huwa hivi: msichana maskini wa Fumba, Unguja, aliyepewa jina la Mtumwa alipozaliwa miaka ya 1880, alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Sauti yake ya kunadi ilikuwa tamu ajabu. Akaenda mjini, akasikika, akawa nyota. Mwisho wa hadithi. Ukiisimulia hivyo, ni sauti iliyomfikisha, basi.

Lakini hebu tuyatie katikati yale yanayorukwa. Siti alihamia mjini mwaka wa 1911. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyekubali kumfunza uimbaji na kumtambulisha kwa wapigaji ala. Akajiunga na kikundi chenye watu waliobobea, kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Ni mwaka wa 1928 ndipo walipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Toa 1911 kwenye 1928, unabaki na miaka 17. Hiyo miaka 17 ndiyo elimu ya Siti. Mwanamke ambaye hakupata nafasi ya kusoma shule alipata mwalimu, akapata wenzake wa kumsahihisha, akapata hadhira iliyozoea tarabu ya Kiarabu na iliyohitaji kushawishiwa kwamba Kiswahili nacho chaweza kuimbwa barazani kwa mabwana. Sauti ilimfungulia mlango. Waliompokea ndani ndio waliomfanya msanii.

Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti Binti Saad, alituachia kitabu cha thamani kubwa. Alikuwa na busara ya kuona kwamba mwimbaji wa kike, tena aliyetoka katika ufukara, alistahili wasifu kama walivyostahili masultani. Hata hivyo, mhakiki hana budi kusema pia kwamba Shaaban Robert ni mwandishi wa maadili kwanza. Anamtazama Siti zaidi kama kielelezo cha subira, unyenyekevu na ushindi wa mnyonge. Ni lengo halali, lakini lina gharama yake. Fadhila za mhusika zinapochukua nafasi kubwa, kazi yake ya kila siku inasukumwa kando. Msomaji anaondoka akiwa amemheshimu Siti, lakini mwimbaji chipukizi anayetaka kujua jinsi ya kuifanya kazi ile atahitaji kusoma katikati ya mistari.

Turudi nyumbani Kenya. Kuna usemi kwamba jela ndiyo iliyomfanya Abdilatif Abdalla kuwa mshairi. Alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa mwaka wa 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, ambayo ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Ni kweli jela ilimpa dhiki ya kuiandikia. Lakini jela haikumpa arudhi. Wapo wengi waliofungwa na hawakutoka na diwani. Abdilatif aliingia kifungoni akiwa tayari ameiva, kwa kuwa alikulia Mombasa katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye Malenga wa Mvita, ni nduguye. Katika nyumba kama hiyo, mtoto husikia mizani kabla hajajua kwamba inaitwa mizani. Akikosea, kuna mtu wa kumwambia kuwa mshororo wake unachechemea. Chuo chake kilikuwa barazani, na hakikuwa na mahafali.

Wapo watakaopinga. Watasema kuwa mafunzo huua ubunifu, kwamba ukimpa kijana kanuni nyingi utapata kasuku. Watamtaja Euphrase Kezilahabi, aliyezikiuka kanuni za arudhi katika Kichomi mwaka wa 1974 na kuzua mjadala mkali wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Mfano huo ni mzuri, ila unawageukia. Kezilahabi aliisomea fasihi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alijua alichokuwa akikivunja na kwa nini. Mashairi yake hayana vina vya mapokeo, lakini picha zake zimepangwa kwa uangalifu. Anayeandika bila vina kwa kuwa amechagua na anayeandika bila vina kwa kuwa hajui kuvitafuta ni watu wawili tofauti, japo kurasa zao zaweza kufanana kwa mbali.

Nakiri pia kuwa watu hawazaliwi sawa. Kuna mwenye sikio jepesi na mwenye sikio zito. Kuna mtoto atakayeshika tuni kwa kuisikia mara moja na mwingine atakayeihangaikia wiki nzima. Kipaji kipo. Ninachokataa ni kukifanya kuwa maelezo ya kila kitu, kwa sababu maelezo hayo yanamwondolea mwalimu wajibu. Ikiwa sanaa ni ya kujaliwa, mbona tuajiri mtu wa kuifundisha?

Swali hilo si la nadharia tu. Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Mbele yao kulikuwa na mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wizara ilikadiria kuwa mkondo huu wa tatu ungechukua takriban asilimia 15 ya wanafunzi. Kwa mara ya kwanza, mtoto anaweza kuambiwa rasmi kuwa muziki, uigizaji au uchoraji ni somo lake kuu. Ni hatua ya kupongezwa.

Hofu yangu iko kwenye lugha tutakayompokea nayo. Mzazi akiamini kuwa sanaa ni kipaji, atauona mkondo huo kama mahali pa kumtupa mtoto aliyeshindwa hesabu, ati "labda ana talanta fulani." Shule ikiamini hivyo, itampa kipindi cha muziki mwalimu yeyote aliye na nafasi, kinanda kitafungiwa stoo, na wakati wa mashindano ndipo watatafutwa "wenye vipaji" wakashinde kombe. Hatuthubutu kufanya hivyo na kemia. Hakuna anayesema kuwa fulani amejaliwa kemia, kwa hivyo hahitaji maabara.

Lugha ya kipaji ina madhara mengine, na haya yanagusa mfuko. Kilichotolewa bure hakidaiwi malipo. Fundi wa mabomba akija nyumbani kwako, hujaribu kumwambia, "Rekebisha tu sinki, jina lako litajulikana." Atakucheka aondoke. Lakini mwimbaji, mchoraji na mfawidhi wa sherehe huambiwa hivyo kila wikendi: njoo ututumbuize, utapata jina. Anayesema hivyo haoni kuwa anadhulumu, kwa sababu machoni pake msanii anagawa tu kile alichopewa na Mungu. Wahenga hawakuwa hivyo. Waliposema mcheza kwao hutuzwa, walimaanisha tuzo ya kushikika mkononi. Hadi leo kwenye ngoma za tarabu, shabiki huinuka na noti akaenda kumtuza mwimbaji.

Msanii anayejiita fundi hujifunza pia maneno ya biashara yake: mkataba, hakimiliki, mrabaha. Ni maneno mazuri ya Kiswahili, lakini mara nyingi husikiki darasani wakati wa somo la fasihi. Tunamfundisha mwanafunzi kutambua takriri na tashihisi, tusimwambie kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, kitabu atakachokiandika kitakuwa chini ya ulinzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijana anayejua bahari zote za ushairi na asijue mrabaha ni nini ataibiwa akiwa anatabasamu.

Dalili nyingine ya dharau yetu iko katika magazeti, hili letu likiwemo. Wanasiasa wakizozana bungeni bila mpango, tunaandika kuwa kulikuwa na sarakasi. Kule Tanzania, mtu akihadaiwa husema amefanyiwa usanii. Tafakari hilo kidogo. Mwanasarakasi ni mtu anayefanya mazoezi kila uchao ili asimwangushe mwenzake aliyesimama mabegani mwake. Nenda Ngara, Nairobi, ilipokuwa sinema ya Shan, uwatazame vijana wa Sarakasi wakijinoa. Hapo hutaona fujo hata chembe. Kama bunge lingeendeshwa kwa nidhamu ya sarakasi, nchi ingekuwa mbali. Tumeyachukua majina ya kazi zinazodai umakini mkubwa tukayabandika kwenye ulaghai na vurugu, kisha tunamshangaa mzazi anayekataa mwanawe asiwe msanii.

Sipendekezi kwamba tuzifute kipaji na talanta kamusini. Lugha haifuati amri ya mwandishi wa safu. Ninapendekeza jambo dogo ambalo kila mwalimu, mzazi na mwanahabari anaweza kulianza wiki hii. Ukimsikia kijana aliyeghani vizuri, msifu, halafu muulize maswali mawili. La kwanza, "Nani alikufunza?" Jibu lake litakupa jina la mwalimu ambaye pengine hajawahi kutajwa jukwaani. La pili, "Wamekulipa?" Akikujibu kuwa bado, uliza ni nani anayedaiwa.