Jina la Mbwaa: Wanahistoria na Ushahidi wa Lugha katika Meru na Embu

Utafiti uliopata nguvu katika Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970 ulisimama juu ya msingi mmoja: kwamba neno la mzee ni hati. Kitabu cha B. A. Ogot juu ya Wajaluo wa Kusini kilionyesha njia mwaka 1967, naye G. Muriuki akaandika juu ya Wakikuyu mwaka 1974. Kwa upande wa mashariki wa Mlima Kenya, H. S. K. Mwaniki alitoa historia ya Waembu na Wambeere mwaka 1973. Mwaka huo huo mtafiti wa Kimarekani, J. A. Fadiman, alichapisha makala juu ya historia ya awali ya Wameru. Kazi hizi zastahili heshima. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na lugha yatupasa kuuliza: je, neno hilo la mzee lilichunguzwa kama neno?

Tuchukue mfano wa Mbwaa. Masimulizi ya Wameru yasema kwamba wahenga wao walikaa mahali hapo palipozungukwa na maji, wakitawaliwa na Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, mpaka walipotoroka kwa kuvuka maji hayo. Fadiman aliielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na safari hiyo akaikadiria kuwa ya mnamo mwaka 1700. Lakini J. F. Munro alikwisha kuitilia shaka nadharia ya asili ya pwani tangu mwaka 1967.

Lugha yenyewe yasemaje? Kimeru ni ndugu wa Kiembu, Kikuyu na Kikamba. Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na lugha za Mijikenda. Kama taifa zima lilihama kutoka Manda miaka mia tatu tu iliyopita, tungetazamia kuona alama nzito za pwani katika usemi wake. Neno nguo halitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa ni la Kibantu cha kale. Na kivumishi cha wekundu kilichomo katika jina la watawala hao ni kile kile cha Kikuyu: mabwana wa pwani wametajwa kwa lugha ya mlimani.

Ugumu wazidi tukivuka kuingia Embu. Huko masimulizi ya asili yaanzia nyumbani, kwa Mwene Ndega, ambaye kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes. Basi lugha mbili za tumbo moja zina hadithi mbili za kuzaliwa. Hatusemi kwamba ya Wameru ni ya uongo. Yawezekana waliokuja walikuwa wachache, wakamezwa na wenyeji, wakaacha kisa bila kuacha lugha. Au yawezekana kisa chenyewe ndicho kilichosafiri.

La kukata shauri ni maneno halisi ya msimulizi. Katika Kikuyu, iria ni ziwa na ni bahari pia. Ikiwa mtafiti ameandika "bahari" kwa Kiingereza bila kutupa neno lililotamkwa, amekwisha kutuamulia jambo ambalo pengine mzee hakuliamua.

H. E. Lambert, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, baadaye alichunguza lahaja za Kiswahili za pwani ya kusini ya Kenya. Mtu mmoja alizijua pande zote mbili; baada yake historia na isimu zimekaa kama majirani wasioombana moto. Leo Meru, Chuka na Embu zina vyuo vikuu vyake. Ni rai yetu kwamba kila simulizi litakalokusanywa huko lichapishwe kwanza kwa lugha lililosemwa, tafsiri ikifuata kando yake. Wazee waliohojiwa zamani hawapo tena kuulizwa upya. Kinachoweza kuulizwa ni maneno yao, kama yalihifadhiwa.