Iodini Ilivyofungulia Umeme Njia Ndani ya Plastiki

Nyaya tunazivalisha plastiki ili umeme usitupige. Ndiyo maana jaribio la miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitikisa kemia: utando wa poliasetilini, aina ya plastiki, ulipokutana na mvuke wa iodini, uwezo wake wa kupitisha umeme ulipanda karibu mara milioni 10.

Kinachosimuliwa zaidi ni kisa cha Tokyo, mwaka 1967, katika maabara alimofanya kazi mkemia Hideki Shirakawa, ambako kichocheo kilizidishwa mara elfu moja na ukatokea utando wa poliasetilini wenye mng'ao wa fedha. Kisa hicho kinapewa uzito kupita kiasi. Utando ule ulipitisha umeme kwa shida. Ufunguo ulikuwa iodini, Shirakawa alipoungana na Alan MacDiarmid na Alan Heeger huko Pennsylvania. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Mnyororo wa poliasetilini ni kaboni zilizoshikana kwa vifungo vya mojamoja na viwiliviwili, kwa kupokezana. Nafasi za chini za nishati zimejaa elektroni, na za juu ziko ng'ambo ya pengo ambalo elektroni haziwezi kulivuka kwa joto la kawaida. Iodini hunyang'anya elektroni chache. Hapo ni kama daladala iliyojaa, abiria mmoja akashuka: wa jirani anahamia kiti chake, naye anaacha kingine wazi. Uwazi huo wenye chaji chanya husafiri, na kila unapopita vifungo hubadilishana zamu, cha mara moja kikawa cha mara mbili.

Shida ni kutoka mnyororo mmoja kwenda mwingine. Chaji hulazimika kuruka, na mruko huo husaidiwa na joto. Kwa hiyo plastiki nyingi za aina hii zikipozwa hupitisha umeme kwa taabu zaidi, kinyume cha shaba. Utando ukivutwa hadi minyororo ilale sambamba, mambo huwa mepesi upande ule ulikovutwa.

Kuwasha na kuzima upitishaji huu kunaonekana vizuri kwenye polianilini, plastiki nyingine ya aina hii. Ikiwa kijani, inapitisha umeme. Ipulizie amonia: inageuka buluu na umeme unakatika. Irudishie asidi, kijani kinarejea. Ajabu yake ni kwamba idadi ya elektroni haikuguswa. Ni protoni tu zilizotoka kwenye naitrojeni za mnyororo, kisha zikarudi. Badiliko hilo la upitishaji umeme ndilo linalopimwa na vitambuzi vya amonia vilivyotengenezwa kwa polianilini.