Kinyago na Picha Ukumbini

Niliingia katika ukumbi ule na ubishi wangu wa siku nyingi: kwamba kinyago kikipakwa rangi kimeharibiwa. Nimekulia penye vinyago vya mpingo, na mpingo haupakwi kitu. Weusi wake ndio nguo yake. Basi nilipoziona kazi za George Lilanga, michoro ukutani na vinyago sakafuni, vyote vya rangi zilezile za kuwaka, nilijiambia kuwa mzee huyu aliwapambia watalii tu.

Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alianza kwa kuchonga. Ni baada ya kuingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, ndipo alipojulikana pia kwa uchoraji. Hilo nililijua, maana yake sikuijua mpaka niliposimama katikati ya kazi zake. Mashetani wake wa ubaoni, wenye matumbo, masikio makubwa na vinywa vipana, wamebanana mkono kwa mguu, hata hujui kiungo kipi ni cha nani. Nikageuka, nikamwona mwenzao wa mti amesimama chini. Hapo nikatambua kuwa msongamano ule asili yake si brashi, ni patasi. Ndio ule wa vinyago vya ujamaa, watu waliopandana katika gogo moja. Lilanga aliulaza ubaoni. Kisha rangi ya ubaoni ikarudi kukivika kinyago, ili ndugu wasipoteane.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ubishi ule nimeuacha palepale ukumbini. Nimetoka na lawama moja tu, nayo ni kwa waliopanga maonyesho. Picha walizipa nafasi ya kupumua. Vinyago wakavisukuma hadi ukutani, kama viti siku ya kudeki. Picha ina uso tu. Kinyago kina mgongo, na mchongaji ameutolea jasho lilelile. Kumnyima mtazamaji mgongo huo ni kumwonyesha nusu ya kazi na kumwambia ndiyo nzima.

Nilichungulia nyuma ya kimoja, mlinzi akakohoa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona: huko nyuma rangi ilipakwa kwa uangalifu uleule wa mbele. Aliyeipaka alitarajia tuzunguke.